Maswali na Majibu: Kulala Guangzhou kwa Bei Nafuu

Safu ya leo tumewaachia wafanyabiashara wanaokwenda China kufuata mzigo.

Nakwenda Guangzhou mara ya kwanza kununua mikoba na viatu. Mtandaoni nimeona hoteli ya bei ya kutupwa, lakini wenzangu wananishauri nifikie kwenye fleti ya Mtanzania aliyeko huko. Nifuate lipi? – Msomaji, Kariakoo

Kwa safari ya kwanza chukua hoteli, na sababu kubwa ni polisi. Sheria ya China inataka kila mgeni aandikishwe mahali anapolala. Ukifikia hotelini, watu wa mapokezi huchukua pasipoti yako, hunakili kurasa zenye viza na muhuri wa kuingia, kisha wao wenyewe hupeleka taarifa. Ukilala kwenye fleti, kazi hiyo ni yako na mwenyeji wako: ndani ya saa 24 muwe mmeshajiandikisha kwa polisi wa mtaa huo, na mwenyeji abebe mkataba wake wa pango. Usipojiandikisha unaweza kutozwa faini inayofika yuani 2,000, na nafuu yote ya fleti inaishia hapo.

Hiyo bei ya kutupwa nayo ina sababu yake. Soma maelezo ya chumba, si ya hoteli, utazame kama kina dirisha. Vyumba vya bei ya chini kabisa Guangzhou mara nyingi havina, au dirisha lake linatazama korido. Mwezi wa tatu na wa nne unyevu wa mji ule ni mkali, kuta na sakafu hutoka maji. Ndani ya chumba kama hicho nguo ulizofua hazikauki na godoro hunuka ukungu. Ongeza pesa kidogo upate dirisha la nje.

Pia waandikie hoteli kabla ya kulipa, uwaulize kama wanapokea pasipoti ya nchi yako. Mwaka 2024 serikali ya China ilitamka wazi kwamba hoteli zisiwakatae wageni wa nje kwa madai kwamba hazina kibali cha kuwapokea, lakini kwenye hoteli ndogo bado unaweza kumkuta kijana wa zamu asiyejua kuingiza pasipoti ya kigeni kwenye mfumo. Jibu lao la maandishi litakusaidia ukifika usiku.

Mikoba ipo Sanyuanli, na viatu vipo Zhanxi, jirani na stesheni kuu ya reli. Kwa metro, Sanyuanli ni kituo kimoja tu kutoka stesheni hiyo kwa laini ya 2, na Xiaobei, penye vyakula vya Kiafrika na vya halali, ni kituo kimoja kwa laini ya 5. Lala kati ya hapo. Epuka tarehe za maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yanayoanza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba kwa awamu tatu, maana bei za vyumba hupanda mji mzima.

Hoteli ilinidai amana mbali na kodi ya chumba, na siku ya kuondoka wakakata pesa ya taulo. Ni haki? – Msomaji, Mombasa

Amana ni desturi ya kawaida kule, nayo hurudishwa chumba kikishakaguliwa. Ugomvi huzuka kwa sababu mgeni hana ushahidi. Ukikabidhiwa kadi ya mlango, kabla hujafungua begi, piga video ya chumba kizima: taulo na shuka pande zote mbili, birika la umeme, rimoti, kioo cha bafuni, na kila doa unaloliona. Maji na biskuti zilizopangwa mezani uliza kama ni za bure. Amana ukiilipa taslimu, dai risiti na uipige picha, kwani zamu ya asubuhi haikujui. Siku ya kuondoka shuka mapema, wakague ukiwa bado upo. Anayekimbilia ndege huziacha pesa zake.

Ukilipa kwa Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, iliyounganishwa na kadi ya benki ya kwenu, malipo yanayozidi yuani 200 hukatwa ada ya asilimia 3. Piga hesabu hiyo unapolipia siku nyingi kwa mkupuo.

Nitajuaje kama chumba kina kunguni? – Msomaji, Kampala

Begi liweke bafuni kwanza, juu ya vigae. Vua shuka upande wa kichwani, fungua mshono wa godoro kwa vidole na umulike kwa tochi ya simu. Unatafuta vidoti vyeusi kama vya kalamu ya wino, maganda ya rangi ya kahawia na madoa ya damu. Mulika pia nyuma ya ubao wa kichwani na kwenye misumari ya kitanda. Ukiviona, kataa chumba, na usikubali cha jirani kwa sababu kunguni hupita kwenye nyufa za ukuta. Ukishagundua umeng'atwa, nguo zote zipite kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu dakika 30. Kuzianika juani pekee hakutoshi.

Plagi zetu zinaingia? – Msomaji, Nairobi

Hapana. Umeme ni volti 220, hivyo chaja ya simu haidhuriki, ila plagi ya miguu mitatu minene haiingii. Nunua adapta ya miguu miwili bapa. Kumbuka pia kwamba hoteli nyingi huwasha umeme kwa kadi ya mlango: ukiichomoa, chumba kizima huzima na simu uliyoiacha haichaji.