Kabla Hujalipa Kodi, Tazama Kiwanja cha Jirani

Mtu akiniuliza akague nini kabla ya kukodi nyumba Nairobi, simwambii aanze na vigae vya jikoni. Namwambia atoke kwenye roshani atazame kilicho mbele yake. Akiona kiwanja chenye migomba na mabati ya kutu, au nyumba ya chini ya zamani ambayo watoto wa mwenyewe wameshahamia kwingine, ajue mwanga anaousifu una siku zake.

Sisi wa Umoja tunalijua hilo vizuri. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, nyumba fupi za familia moja moja. Leo ukiingia sehemu yake iitwayo Innercore, kuiona moja ya nyumba hizo ni mpaka uitafute. Zimemezwa na maghorofa yaliyobanana ukuta kwa ukuta. Jikoni kwangu kulikuwa na jua la asubuhi. Kisha ploti ya pili ikaanza kupanda, ghorofa juu ya ghorofa, hadi dirisha lao likaja kutazamana na langu, karibu kiasi cha kuombana chumvi bila kutoka nje. Sasa nikipika chai saa nne asubuhi lazima niwashe taa, na tokeni za stima zinakwisha kabla ya siku nilizozizoea. Nguo nazianika juu ya paa, ambako kamba nzuri zina wenyewe na suruali za jinzi zina tabia ya kupotea.

Simlaumu aliyejenga. Sensa ya 1999 ilihesabu watu milioni 2.1 na ushei hapa jijini, na ile ya 2019 ikapata karibu milioni 4.4. Watu hao wote ni lazima walale mahali. Lakini usitarajie mwenye nyumba akuambie kinachokuja. Muulize mama mboga wa pale langoni. Yeye ndiye ajuaye kiwanja kimeuzwa au la, na mawe yatamwagwa lini, maana kibanda chake ndicho kitakachoondolewa kwanza. Nunua sukuma wiki kwanza, halafu uulize.

Pili ni maji, na hapa usione haya kuuliza sana. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika 1994, wakati jiji lilikuwa dogo kuliko sasa. Kwa hiyo kuna mgao, na kila mtaa una siku zake. Usiulize kama maji yapo, kwa sababu jibu ni ndiyo kila mara. Uliza yanakuja siku gani, tangi la ploti lina ukubwa gani, na yakikatika wapangaji huteka wapi. Kisha panda hadi ghorofa ya juu ufungue mfereji wewe mwenyewe. Pampu ikiwa mbovu, wa chini huoga na wa juu hubeba mitungi kwa ngazi.

Wakikwambia wana kisima chao, uliza kama wao wenyewe wanayanywa. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, ile inayoacha meno ya watoto na madoa ya kahawia. Ukiwa na mtoto mdogo, ya kisima yawe ya kufulia na kupiga deki, ya kunywa ununue.

Kelele nenda ukazisikie Ijumaa usiku. Mchana kila mtaa ni mtulivu.

Kuna jambo lingine lililobadilika kimyakimya. Zamani mwenye nyumba alikuja mwenyewe mwanzo wa mwezi. Ulimkaribisha chai, ukamwonyesha sinki linalovuja, akaona aibu akalishughulikia. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 na kodi ikahamia kwenye simu, wengi wetu hatumjui kwa sura. Tunamjua msimamizi wa ploti, ambaye hana mamlaka ya kununua hata kitasa. Basi siku ya kuingia, piga picha kila ufa, kila kigae kilichovunjika, kila doa ukutani, umtumie msimamizi kwa simu ili ziwe na tarehe. Siku ya kuhama utaambiwa pesa uliyoweka mwanzoni imekwenda yote kwenye rangi. Bila picha huna la kusema.

Na majirani? Kwenye maghorofa tunaitana kwa milango: wa 3A, wa 5C. Watoto ndio waliojuana kwanza, kwa Sheng yao ya ngazini ambayo sisi wazazi tunaishika nusunusu. Mgeni asingoje kukaribishwa, atangoja sana. Ukishapanga vyombo, bisha mlango wa mbele na wa kando, useme jina lako na namba ya mlango wako, kisha uombe uingizwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti. Humo ndimo utakamojua maji yamefunguliwa, stima imepotea kwa nani, na nani amefiwa. Mchango wa kwanza wa matanga ukiitishwa, toa hata kama ni shilingi mia. Orodha hubandikwa pale pale kikundini, majina na kiasi, na watu huisoma hadi mwisho.