Kugawa watu kwa rangi mbili: punguza makundi kabla hujaanza kupaka

Chukua kazi hii: walimu wa Nyanda za Juu Kusini wanagawanywa kwenye semina mbili, moja Uyole, nyingine Mafinga. Kila mwalimu anahudhuria moja tu, ila kila jopo la somo lazima liwe na mtu pande zote mbili, na mwalimu mmoja anaweza kuwa kwenye majopo matatu au manne. Hiyo ni haipagrafu, yaani nodi (vitu vya kupakwa rangi) zilizokusanywa kwenye makundi yanayoweza kuingiliana. Walimu ni nodi, majopo ni makundi, semina ni rangi.

Wengi hujikwaa mapema wakidhani wanakundi wote lazima watofautiane rangi. Kinachokatazwa ni kundi zima kuwa na rangi moja, basi. Jopo la watano, wanne Uyole na mmoja Mafinga, limetosheka.

Usikimbilie kupaka. Jopo la mtu mmoja likiwepo, kazi haiwezekani. Rudisha orodha kwa aliyeileta. Kundi lililomeza kundi jingine zima lifute, maana dogo likichanganyika, kubwa nalo limechanganyika. Kundi lenye mtu asiyeonekana kwingine kokote liweke pembeni, kwani huyo utampa mwishoni rangi inayokosekana. Kisha rudia tangu mwanzo: kila kundi likitoka, huenda kuna mwingine anayebaki na kundi moja tu. Makundi ya watu wawili yanalazimishana rangi, hivyo anza nayo. Yakifunga mzunguko wa watu watatu, watano au idadi yoyote witiri, rangi mbili hazitoshi.

Sasa hesabu. Mwaka 1963 mwanahisabati Paul Erdős alionyesha kuwa makundi ya watu n kila moja, yakiwa chini ya 2^(n−1), yanagawika bila shaka. Watu 5: chini ya makundi 16. Watu 10: chini ya 512. Sababu yake ni nyepesi. Ukimrushia kila mtu shilingi, uwezekano wa kundi kutoka rangi moja ni 1/2^(n−1), kwa hiyo wastani wa makundi mabovu haufiki 1, na lazima kuwe na mrusho usio na kundi bovu hata moja.

Ukivuka kikomo hicho hujashindwa bado. Kwa watatu watatu kanuni inakuhakikishia makundi 3, kumbe hata 6 hugawika daima. La 7 ndilo linaloweza kukwamisha, na inafaa ulione kwa macho. Weka mwalimu mmoja kutoka kila mji:

Mbeya–Tukuyu–Kyela
Mbeya–Vwawa–Makambako
Mbeya–Njombe–Iringa
Tukuyu–Vwawa–Njombe
Tukuyu–Makambako–Iringa
Kyela–Vwawa–Iringa
Kyela–Makambako–Njombe

Jaribu kwa maharage mekundu na meupe. Kila miji miwili inakutana kwenye jopo moja tu. Kati ya miji saba, rangi moja itapata angalau minne. Minne hiyo isipokuwa na jopo zima ndani yake, jozi zake sita zinakula majopo sita tofauti. La saba linabaki na miji mitatu ya nje, yote ya rangi nyingine. Hakuna pa kutokea. Lakini futa jopo la kwanza: Mbeya, Tukuyu na Kyela waende Uyole, wanne waliobaki Mafinga, kazi imekwisha.

Orodha ikiwa ndefu, kinachoamua ni mwingiliano kuliko wingi. Kila kundi la watu k likigusa makundi mengine yasiyozidi d, na 2.72 × (d+1) ikawa haizidi 2^(k−1), mgawanyo upo hata makundi yakiwa maelfu. Kanuni hiyo inatokana na lema (hoja saidizi) ya Erdős na mwenzake Lovász ya mwaka 1975. Kwa watu 8, d ifike hadi 46. Kwa watu 10, hadi 187.

Kuupata mgawanyo wenyewe, fuata njia ya wanasayansi wa kompyuta Moser na Tardos: rusha shilingi kwa wote, tafuta kundi la rangi moja, kisha rusha upya kwa watu wake WOTE. Usimhamishe mmoja unayemwona anafaa. Ukimhamisha unaweza kuharibu kundi la jirani, ukilirekebisha hilo la kwanza linaharibika tena, na unaweza kuzunguka hapo bila kikomo. Baada ya kila marekebisho kagua upya kundi ulilobadilisha na yale tu yanayogusana nalo, na uendelee hadi lisibaki kundi la rangi moja.

Masharti hayo yasipotimia, usiahidi jibu la haraka. Tangu 1973 inajulikana kuwa swali la rangi mbili ni gumu kwa kompyuta kwa ujumla, hata makundi yakiwa ya watatu. Hapo omba semina ya tatu. Kwa miji saba ile inatosha Mbeya na Tukuyu Uyole, Kyela peke yake kwenye semina mpya, wengine Mafinga, mradi sharti sasa liwe kwamba hakuna jopo litakalokaa lote sehemu moja.