Kwa Msimamizi Mpya: "Asanteni Wote" Haimfikii Mtu

Kila vyeo vinapopandishwa, haipiti miezi miwili wasimamizi wapya wanakuja na kilio kilekile: natamani kuwatia moyo watu wangu, ila sina bajeti. Kisha mradi unaisha, ujumbe unatumwa kwenye kundi, "Asanteni sana timu, mmefanya kazi nzuri!", alama za dole gumba zinamiminika, na msimamizi analala akiamini ameshukuru. Hakuna aliyeshukuriwa hapo. Tunawapenda, ndiyo maana tunawaambia mapema: kinachowakwamisha si bajeti. Ni kwamba hamjui nani alifanya nini.

1. Acheni kujificha nyuma ya mgema. Mtaambiwa na wakongwe kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo msisifu sana. Mgema anayeharibika ni yule anayeambiwa "wewe ni hodari" na basi. Sifa hiyo haimwambii ashike nini. Mwambie kibuyu chake ni kisafi na halazi tembo la jana, naye atajua hasa kile asichopaswa kukiacha. Shukrani ya kazini ina sehemu tatu: jina, kitendo, na kilichobadilika kwa sababu ya kitendo hicho. Badala ya "ripoti ilikuwa nzuri", sema: "Umegundua safu mbili za mauzo zimebadilishana nafasi kabla ripoti haijatoka, bila hivyo tungeagiza mzigo usiohitajika." Sentensi moja inatosha. Usiweke "lakini" mwishoni, maana atakayoyabeba nyumbani ni ya baada ya "lakini". Marekebisho yana siku yake.

2. Kosa kubwa, na hapa tutakaa kidogo. Karibu kila aliyewatangulia kwenye kiti hicho amelifanya, na bado linauma kulikumbuka.

Linakwenda hivi. Yule aliyegundua safu zilizobadilishana alibaki ofisini jioni mbili kuzinyoosha takwimu. Siku ya kikao, slaidi zinawasilishwa na mwenzake mwenye ulimi mwepesi. Mkurugenzi anafurahi, anampongeza mwasilishaji. Msimamizi yupo pale, anajua ukweli, anatabasamu. Anajiambia atasawazisha baadaye. Baadaye anatuma ile "asanteni wote", kwa kuogopa kwamba akimtaja mmoja atawaudhi watano.

Aliyefanya kazi hasemi kitu, na hapo ndipo msimamizi mpya anapopotea: anasubiri malalamiko yasiyokuja. Dalili ni nyingine. Majibu yake yanakuwa mafupi. Anaacha kujitolea kwenye kikao. Ripoti inayofuata inakuja kwa wakati, imejaa, ila hakuna aliyekagua zile safu, kwa sababu kukagua hakukuwa sehemu ya kazi aliyopangiwa. Ilikuwa hisani, na hisani imekatika. Kosa likitokea, msimamizi anashangaa "umakini wake umeenda wapi". Aliupoteza mwenyewe, kwenye kikao, kwa kunyamaza sekunde kumi.

Chanzo chake mara nyingi si ubaya wa moyo. Kazi inakufikia kutoka mkono wa mwisho, na mkono wa mwisho ndio unaoonekana. Waliosafisha, waliohakiki na waliozuia wako nyuma yake. Wanaoumia zaidi ni wale ambao kazi yao ikienda sawa hakuna kinachotokea: wa nakala rudufu, wa stoo, wa matengenezo.

Ukishalifanya, lirekebishe wiki hiyohiyo kwa mpangilio huu. Kwanza mwendee peke yake, useme waziwazi: "Nilipaswa kukutaja kikaoni, sikukutaja." Usijieleze kwa dakika tano, ukijieleza sana yeye ndiye atalazimika kukufariji wewe. Pili, mwandikie mkurugenzi mistari mitatu ukitaja jina na kitendo, aliyefanya kazi naye akipata nakala. Tatu, litaje kwenye kikao kijacho mbele ya watu walewale, maana kosa lililofanyika hadharani halifutwi kwa kunong'ona mlangoni. Halafu usimpe kazi mpya katika mazungumzo hayohayo. Mkichanganya, atasikia asante kama utangulizi wa mzigo.

La kuzuia ni jepesi. Kila Ijumaa, dakika kumi, daftari moja: mstari mmoja kwa kila mtu, jina, alichofanya, kilichobadilika. Mstari wa mtu ukikaa mtupu wiki tatu, usikimbilie kusema ni mvivu. Nenda ukakae naye nusu saa uone kazi yake inakatizwa wapi kabla haijakufikia.

3. Msichelewe. Siku mbili, zaidi ya hapo kitendo kimeshapoa. Najua mnaona haya. Kumar na Epley, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2018, waliwaomba watu waandike barua za shukrani: waandishi walidhani wapokeaji wangeona jambo hilo la aibu kuliko walivyoona kweli, na wakakadiria furaha ya wapokeaji hao chini ya ilivyokuwa. Aibu hiyo ni yako, si yake.

4. Muulizeni mtu anapenda ashukuriwe vipi. Wapo wanaoona kusimamishwa mbele ya wenzao ni adhabu. Swali hilo liulizwe mapema kwenye mazungumzo ya ana kwa ana, si siku ya pongezi.

5. Asante ya punda ni mateke, na ya mfanyakazi hodari ni faili jingine mezani. Kabla hujamwongezea, mpunguzie. Vitu visivyogharimu senti na vyenye uzito ni hivi: achague zamu kabla ya wengine mwezi huu, aondolewe kikao kisichomhusu, awasilishe mwenyewe kazi aliyoifanya mwenyewe, apate barua ya pongezi ndani ya faili lake. Barua hiyo iwe na tarehe na tukio, vinginevyo miaka miwili baadaye haimsaidii chochote kwenye usaili. Ukimpa saa za mapumziko, hakikisha kwanza una mamlaka ya kuzitoa, zimeandikwa, na kuna wa kushika nafasi yake. Msimamizi anayesema "kesho uje saa nne" bila kumwambia mtu amemwandalia mwenzake alama ya uchelewaji, na wenzake wengine kazi yake.

6. Mfanyakazi bora wa mwezi: mkiweza, acheni. Ikizungushwa kwa zamu haina maana. Isipozungushwa, wanashinda wawili walewale. Na msitoe tuzo ya kutochelewa. Gubler, Larkin na Pierce walichunguza mpango wa namna hiyo kwenye kiwanda cha kufua nguo Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2016: waliokuwa wanawahi tangu zamani bila kuahidiwa kitu ndio walioshuka utendaji.

7. Isomeni kazi ya watu. Hii wengi hawaihesabu kuwa shukrani. Ariely, Kamenica na Prelec walichapisha jaribio mwaka 2008: watu walipewa karatasi zenye herufi, watafute jozi, malipo yakipungua kwa kila karatasi mpya. Kundi la kwanza karatasi zao ziliangaliwa, la pili ziliwekwa kando bila kutazamwa, la tatu zilichanwa kwa mashine mbele yao. La pili walikata tamaa karibu mapema sawa na waliochaniwa. Ripoti inayokaa kwenye barua pepe yako wiki mbili bila kufunguliwa umeichana. Fungua, rejesha swali moja linaloonyesha umefika ukurasa wa sita.

8. Mtu anayedai ovataimu ya miezi miwili usimwandikie barua ya pongezi. Peleka kwanza fomu yake kwa mhasibu, ufuatilie hadi isainiwe, umpe jibu la lini. Hayo ndiyo anayoyahitaji kwako, na barua ikitangulia ataiona kama njia ya kumfunga mdomo.

Na lile daftari la Ijumaa msilitupe. Ikifika tathmini ya mwaka mtakuwa na mistari karibu hamsini kwa kila mtu, wakati wenzenu wanakodolea macho fomu tupu wakijaribu kukumbuka lililotokea mwezi wa pili. Inakilini mistari hiyo kama ilivyo, na mpeni mhusika aisome siku moja kabla ya kikao. Mara nyingi atawaongezea mitatu ambayo hamkuiona.