Swali la lugha: Sungura "alienda" au Sungura "akaenda"?

Nimepata swali refu kutoka kwa dada mmoja wa Tabora, nalifupisha. Anawaandikia watoto hadithi za Sungura alizozisikia kwa bibi yake, anazichapa kwenye simu halafu anawasomea kabla ya kulala. Shemeji yake, ambaye ni mwalimu, kazisoma kamwambia hizo akaenda, akasema, akakimbia zimezidi mno, eti Kiswahili cha kuandika ni alienda, alisema, alikimbia, zile nyingine ni za kusimulia kwa mdomo tu. Anauliza kama ni kweli. Anauliza pia aandike "Sungura kaiba maji" kama watoto wanavyoongea au "Sungura akaiba maji", na mwisho anataka kujua Sungura asipofanya kitu, hiyo -ka- inakanushwaje.

Dada, usizifute. Nakuomba kabisa usizifute, maana ukitoa -ka- kwenye hadithi ya Sungura umetoa mwendo wake wote, na Sungura bila mwendo sio Sungura. Na si kweli kwamba ni ya mdomoni tu, hiyo ni Kiswahili sanifu na imo kwenye sarufi zote. Mwambie shemeji afungue Biblia ya Kiswahili, Mwanzo sura ya 1. Inaanza "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi", hiyo ni -li-, inatuweka kwenye wakati. Kisha "nayo nchi ilikuwa ukiwa", bado -li-, hapo tunaonyeshwa hali ilivyokuwa. Halafu kitu kinatokea: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Yaani mpangilio mzima wa kusimulia kwa Kiswahili umo kwenye mistari mitatu, na hayo ni maandishi, tena yanasomwa kanisani.

Sasa tuje kwa Sungura mwenyewe. Nitachukua hadithi ya kisima, nadhani na bibi yako alikuwa nayo maana inasimuliwa sehemu nyingi: ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, anazuiwa kunywa, basi anakuja na kibuyu cha asali (nyie wa Tabora asali mnaijua kuliko sisi wa Kigoma). Fisi ndiye mlinzi, anaonjeshwa kidogo, anataka tena, anaambiwa asali hii hailiwi mpaka mtu afungwe kamba, naye kwa ulafi anakubali. Soma hivi:

"Sungura alimfunga Fisi. Alishuka kisimani. Alikunywa maji. Alioga. Alichafua maji. Aliondoka."

Halafu soma hivi:

"Sungura alimfunga Fisi, akashuka kisimani, akanywa maji mpaka akashiba, akaoga, akayachafua, akaondoka zake."

Ya kwanza haina kosa la sarufi lakini imekaa kama maelezo ya kituo cha polisi. Ya pili mtoto anamwona Sungura akishuka. Na sio suala la utamu peke yake, kuna maana hapo. -li- inasema tu kwamba jambo lilitokea zamani, haisemi lilitokea baada ya lipi. Ukiandika "Fisi alifungwa, alilia, alilamba asali", sijui kama alilamba kwanza ndo akalia au alilia kwanza akapewa asali anyamaze. Ukiandika "akafungwa, akalamba, akalia", mfuatano umeshaupata. -ka- kazi yake ni hiyo, inabeba "halafu" ndani ya kitenzi chenyewe, ndo maana mtu anayeandika "halafu akaenda halafu akasema halafu akakimbia" anarudia kitu kimoja mara mbili.

Lakini shemeji naye tusimtupe, kuna mahali ana haki, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kwenye hadithi uliyonitumia umeanza "Hapo zamani kukawa na ukame, na Sungura akawa mjanja sana". Hapo hapana. "Sungura akawa mjanja" maana yake hakuwa mjanja, kisha kuna kitu kikatokea akawa. Wewe unataka kusema ndivyo alivyokuwa siku zote, kwa hiyo "Sungura alikuwa mjanja". Hali, sifa, mazingira, vitu vilivyokuwepo kabla hadithi haijaanza kutembea, vyote hivyo vipe -li-: palikuwa na ukame, mito ilikuwa imekauka, wanyama walikuwa na kiu. Kisha Simba akawaita. Hapo ndo unaingia -ka-.

Na katikati ya hadithi pia kuna mahali pa kusimama. Angalia mwisho wa kisima, pale Kobe anapomkamata Sungura kwa ulimbo. Ukiandika "Kobe akaingia majini, akajipaka ulimbo mgongoni", umemfanya Kobe ajipake ulimbo akiwa ndani ya maji, kitu ambacho hakiwezekani na mtoto mwenye akili atakuuliza. Alijipaka kabla. Kwa hiyo: "Kobe akaingia majini, akatulia kama jiwe. Mgongoni alikuwa amejipaka ulimbo. Sungura akaja, akamkanyaga, mguu ukanasa." Umeona ile sentensi ya katikati? Inarudi nyuma kidogo, inatueleza kitu, kisha -ka- inaendelea pale ilipoachia. Msimulizi mzuri anajua kurudi hivyo, na bibi zetu walikuwa wanafanya bila kufundishwa na mtu.

Kitu kingine kinachofanana na hicho ni -ki-. "Sungura akaondoka akaimba" ni vitendo viwili, kaondoka kwanza, kisha kaimba. "Sungura akaondoka akiimba" ni kimoja ndani ya kingine, anaondoka na wimbo mdomoni. Kwa mjanja aliyetoka kumfunga mlinzi kamba, mi ningechagua cha pili.

Halafu kuna kosa moja nimeliona mara nyingi sana kwenye ukurasa wako na kwa watu wengi wa huku bara, Kigoma pia, nalo ni "akakula", "akakunywa", "akakuja". Vitenzi vifupi kama -la, -nywa, -ja, -fa vinabeba ku- vikikaa na -li- au -me-: alikula, alikunywa, amekuja. Vikikaa na -ka- hiyo ku- inadondoka: akala, akanywa, akaja, akafa. Sikiliza tu "Sungura akala, akanywa, akalala", ina mdundo wake, mtoto anaweza hata kuigonga kwa mkono.

Sasa hiyo "kaiba" ya watoto. Hapa kuna -ka- mbili zinazofanana kwa sura tu. "Sungura kaiba maji" sio "Sungura akaiba maji" iliyokatwa a-. Ni njia ya kuongea inayosimama mahali pa "ameiba", na inatumika kwa mmoja tu. Unataka kujua unatumia ipi, weka wingi. Mtoto akija mbio anakwambia "mama, kuku kaingia ndani", wakiwa kuku wengi atasema "kuku wameingia ndani", kwa hiyo hiyo ni -me-. Kwenye hadithi wakiwa wengi utasema "wakaingia ndani", basi ujue hapo unahitaji "akaingia" kamili kwa mmoja. Mimi mwenyewe naandika "kaiba" na "kasema" kwenye maandishi ya kawaida kama haya, sioni ubaya. Ila ndani ya hadithi iweke mdomoni mwa wanyama. Fisi anapopiga kelele, "Jamani njooni, Sungura kaniibia!", hapo imekaa pake kabisa, maana Fisi anaongea. Wewe msimulizi andika "akamwibia".

Na kwa kuwa uko Tabora nadhani utakutana na -ka- ya tatu. Kinyamwezi kina ka- na tu- za udogo, Kiha chetu kina aka- na utu-, ndo maana watu wa pande zetu wanasema kasungura, kamtoto, tukuku bila kufikiri mara mbili. Kasungura kanajitafutia upatanisho wake, kwa hiyo kwenye hadithi unapata "kasungura kakasema", na ukifika kwenye kitenzi kaa unapata "kasungura kakakaa kimya", ambapo ka ya kwanza kwenye kitenzi ni ya kasungura, ya pili ni ya mfuatano, ya tatu ni ya kitenzi chenyewe. Mi naipenda sana hiyo sentensi. Kwenye mtihani haitapita, sanifu ni kisungura au kijisungura, lakini hadithi za nyumbani sio mtihani, na kama bibi alisema kasungura basi wanao waisikie hivyo hivyo, ila ukianza na kasungura usimwache njiani ukarudi kwenye "akasema" mstari unaofuata, chagua moja ukae nayo mpaka hadithi iishe.

Imebaki kukanusha. Hakuna "hakaenda", usiitafute. Watu wengi leo wanaandika "akamtafuta lakini hakumwona", na ni sahihi. Ila wazee wana njia yao ambayo inalinda mwendo wa -ka- vizuri zaidi, wanatumia -si- na kitenzi kinaishia na e: "Fisi akamtafuta Sungura asimwone", "akavuta kamba isikatike", "akaita asiitikiwe". Haihitaji lakini wala ila, kitendo kinafuatwa na kukosekana kwa matokeo yake moja kwa moja. Kwa wale wadogo andika ya "lakini hakumwona" kwanza. Yule wako wa darasa la tano msomee ya pili bila kumweleza chochote, ataielewa kwa sababu Fisi bado yuko kwenye kamba na Sungura hayupo.