Mtoto wa kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa: usithubutu, mimi nilishazaa kwenye karatasi

Jumamosi usiende. Salamu nitakupa baadaye, kwanza usiende.

Umeandika kwenye uzi wako kwamba binti anayesaidia kazi kwa mama lishe hapo jirani yenu ana ujauzito wa miezi minane na mtoto hamtaki. Wewe na mumeo mna miaka tisa ya ndoa nyumba kimya. Kuna "mwanasheria" kawaambia Jumamosi mkaandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu binti akajifungue kwa jina lako ili cheti kitoke moja kwa moja. Umeuliza maswali matano. Mimi nimefika hapo kwenye "kwa jina langu", nikaweka simu chini, nikanywa maji, ndipo nikaishika tena. Hiyo sinema naijua mpaka mwisho, stelingi nilikuwa mimi. Na tofauti na sinema nyingine, kwenye hii stelingi anapigwa tangu mwanzo mpaka taa zinawashwa.

Na nyie mliochangia hapo juu, "chukua mtoto Mungu kakujibu, mambo ya serikali ni usumbufu tu", siku ya kituoni mtakuja kumwekea dhamana? Haya.

Mwaka 2014 mimi nilikuwa wewe. Dar, nyumba ya kupanga vyumba viwili, mawifi wanaouliza kila Idi kama kuna "habari". Akatokea binti, naye pia kwa mama lishe, ndiyo maana nimesoma uzi wako nikahisi mtu kanichungulia. Tukapelekwa kwa bwana mmoja mwenye kimeza chake nje ya mahakama, mashine ya kuchapa, mihuri mitatu na tai. Ile tai ndiyo iliyotuponza. Mtu anayevaa tai kwenye joto la Dar mwezi wa pili unaamini kabisa kasoma. Baadaye sana nikaja kujua uwakili hana, ni kishoka tu, lakini wakati huo alishatula shilingi 300,000 na soda mbili.

Ushauri wake ulikuwa huo huo ulioletewa wewe. Binti aende kliniki kwa jina langu, ajifungue kwa jina langu, tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali ya kuonyesha mtoto kazaliwa, litoke na jina langu, nikifika RITA, wale wa usajili wa vizazi, nachukua cheti kama mama yeyote. "Ukishakuwa na cheti, mama, nani atakugusa?" Tukaona akili kubwa. Mume wangu akamsindikiza binti kliniki siku ya kwanza kupima kama mke na mume, na mtaa mzima ukajua kampa mimba binti wa mama lishe. Mpaka leo kuna jirani ananipa pole kwa macho.

Nikazaa kwenye karatasi. Sikushonwa, sikusikia uchungu, sikunywa hata uji wa pilipili manga. Miaka miwili baadaye nikaenda kwa daktari kuhangaikia uzazi, akaniuliza uzao wangu wa kwanza ulikuwaje. Nikasema salama tu. Ningesemaje?

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana watu wanadhani kosa ni kudanganya tu. Kosa letu lilikuwa na pacha. Mume wangu ni mtu wa stoo, hapokei hata boksi la sabuni bila kusaini. Akasema cheti peke yake hakitoshi, binti naye aandike kwamba ametoa mtoto kwa hiari. Tukaenda kwa mwenyekiti, ikaandikwa "Hati ya Makabidhiano ya Mtoto wa Kiume", binti akaweka dole gumba na jina, mashahidi wawili, muhuri wa mtaa, shilingi 50,000 ya muhuri. Binti tukampa 200,000, tukaiita "ya uji". Karatasi zote mbili, cheti na hati, tukaziweka kwenye bahasha moja ya kaki, tukaifungia kabatini kama hati ya kiwanja.

Miaka saba ikapita, mtoto wangu yuko darasa la kwanza. Mwaka 2021 simu ikalia. Mtu anajiita mjomba wa yule binti, anasema familia inamtaka mtoto wao, au tuone "jinsi ya kuelewana". Tukaelewana kwa 700,000. Baada ya miezi miwili tukaelewana tena kwa 800,000. Mara ya tatu mume wangu akasema hapana, huu ni wizi, twende polisi, sisi tuna karatasi.

Tukaenda, dada. Kwa miguu yetu wenyewe, tumevaa vizuri, na bahasha ya kaki mkononi. Tukapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto. Yule askari wa kike alitusikiliza kwa upole kweli, akaandika, akaomba vielelezo. Nikafungua bahasha kwa madaha. Akasoma cheti, akakiweka mezani. Akasoma hati ya makabidhiano, akaiweka pembeni ya cheti. Akaziangalia zote mbili muda mrefu, halafu akaniangalia mimi.

"Mama, huyu mtoto ulimzaa au ulikabidhiwa?"

Nimejifungua mara moja tu maishani, kwenye karatasi, na uchungu wake niliusikia pale. Tuliingia kama walalamikaji, tukatoka kwa dhamana. Kutoa taarifa za uongo kwenye usajili wa kizazi ni kosa, na ile "ya uji" haikuandikwa ya uji kwenye maelezo. Aliniambia taratibu kabisa kwamba nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu 2008, na mtoto akishatoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa fedha, mtu wa kwanza kuulizwa ni aliyempokea. Mimi niliyemnunulia mtoto viatu vya shule kwa mkopo wa kikoba naulizwa kama ni msafirishaji.

Jioni hiyo hiyo aliitwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mtoto hakurudi nyumbani. Alipelekwa kwa mlezi wa kuaminika, hao ni watu waliochunguzwa na ustawi kukaa na watoto kwa dharura, mama mmoja mstaafu. Nashukuru hakwenda makao ya watoto. Lakini ni miezi minne na siku kumi na moja. Wiki mbili za mwanzo sikuruhusiwa hata kumwona. Aliporudi alikuwa analala na begi la shule limefungwa zipu, kila kitu chake ndani. Hiyo gharama umeuliza kwenye swali lako la kwanza, "jumla itafika ngapi". Weka hiyo kwanza, shilingi tutahesabu baadaye.

Yule afisa ustawi sasa. Mdogo kwangu kiumri, nilimchukia siku ile, leo ni mtu ninayemsalimia sikukuu. Kabla ya hapo nilidhani ustawi wa jamii ni mahali wanawake wanaenda kudai matunzo basi. Aliniuliza swali moja ambalo mwaka 2014 halikuulizwa na kishoka wala mwenyekiti, na mimi sikuliuliza.

"Yule binti alikuwa na miaka mingapi?"

Kumi na sita.

Akanyamaza. Akafungua kitabu cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, akanionyesha: mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo ile siku kwa mwenyekiti walikuwepo watoto wawili, na sisi watu wazima watano tulimwona mmoja. Lile dole gumba lilikuwa la mtoto. Na kama mama alikuwa mtoto, basi kuna mtu alimpa mimba mtoto, na chini ya miaka 18 huwezi kujitetea eti alikubali. Mtu huyo alikuwepo, mtu mzima, akila pale pale kwa mama lishe kila mchana. Kliniki jina lilikuwa langu, umri ulikuwa wangu, mume alikuwa wangu. Unaona tulichofanya? Tulimfichia. Binti angeenda kliniki kwa jina lake na miaka yake kumi na sita, huenda muuguzi angeuliza swali. Habari ya kesi ya huyo mwanaume sitaisimulia, ni ya yule dada aliyezaa, si yangu.

Halafu akanisomea kifungu cha 6. Mtoto ana haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake wa kumzaa na ukoo wake. Mimi nilidhani cheti kile ndiyo zawadi kubwa niliyompa mwanangu. Kumbe ndicho kilichomfuta mama yake.

Na mjomba? Ustawi walimtafuta binti, wakampata mkoani, ameshaolewa. Ile milioni moja na nusu hakuwahi kuisikia, na mjomba hakuwa mjomba. Alichokuwa anataka binti kwa miaka yote ni kujua kama mtoto yuko hai.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa mlango wa mbele. Uelewe namna inavyokwenda, maana ndicho kishoka wako hakwambii, hakina ulaji kwake. Unaanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kumwona sikulipa hata shilingi. Anakuja nyumbani, anaangalia mtoto atalala wapi, anaongea na mumeo peke yake na wewe peke yako, anauliza majirani (hapo nilitetemeka kwa sababu ya ile habari ya kliniki), anaandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Maombi ya malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto kwa muda chini ya macho ya ustawi, yanapanda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, wizara ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Dodoma. Unakaa na mtoto kwa malezi ya kambo huku wanakutembelea. Ndipo mnakwenda kuasili, yaani mtoto awe wenu kisheria, na amri ya kuasili inatolewa na Mahakama Kuu. Siyo mwenyekiti wala kiapo cha elfu ishirini. Mmoja wenu awe amefika miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa miaka 21, hapo naona hamna shida.

Je, ni haraka? Hapana, sitakudanganya. Maafisa ni wachache, jalada letu lilikwenda likalala huko, nilipiga simu mpaka mpokea simu akawa ananijua kwa sauti. Kuna siku nilisema kimoyomoyo kishoka alikuwa na haki yake. Lakini mahakamani yule dada alisimama mwenyewe, mtu mzima, kwa jina lake, akasema anaridhia, ila anataka mtoto ajue. Mtoto anajua. Anamwita kwa jina lake na "mama" mbele. Jumapili wanaongea kwa simu, mimi najifanya naosha vyombo.

Cheti cha zamani kilifutwa, na kwenye usajili wa watoto walioasiliwa sasa yupo kihalali. Jalada la polisi nalo lilikuja kufungwa baada ya mizunguko ambayo hata sitaki kuikumbuka.

Kwa hiyo hata kama hushiki kingine chochote nilichoandika, shika hiki: ustawi wa jamii kwanza. Kabla ya mwenyekiti, kabla ya mtu mwenye tai, kabla ya kununua beseni la kumwogeshea mtoto. Na usimsubirie mtoto azaliwe. Nenda sasa, binti akiwa bado na mimba, kwa sababu yeye mwenyewe anahitaji kuonwa. Umeandika "aliacha shule kidato cha tatu mwaka jana" ukapita tu kama unasimulia hali ya hewa! Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi darasani. Amewahi kuambiwa? Au wote mnamhesabia miezi tu? Inawezekana "hataki mtoto" ni maneno ya shangazi yake. Mwacheni akae na mtu anayelipwa kumsikiliza yeye, siyo kumsikiliza tumbo.

Ukiona aibu kuingia ofisini, piga 116, ile huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, hata mtu mzima anapiga kwa ajili ya mtoto, watakuelekeza kwa afisa wa eneo lako. Mume wangu alipiga usiku wa ile siku ya kituoni, anataka kujua mwanae kalala wapi. Waliongea naye dakika arobaini.

Na yule atakayekuja hapa chini kuandika "mbona shangazi yangu alichukua mtoto hivyo hivyo na yuko chuo sasa hivi", sawa baba, mpe hongera. Mimi pia mwaka 2020 ningeandika hivyo hivyo.

Leo Jumatano. Kesho ofisi za halmashauri zinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Ukifika getini usiseme unatafuta mwanasheria, watu wa kuzurura hapo nje watakudaka, sema unakwenda ustawi. Nenda na huyo binti kama atakubali, na huyo "mwanasheria" wenu asijue kwanza.

Halafu rudi hapa unijibu kitu kimoja ambacho hukukiandika popote kwenye uzi wako: huyo binti ana miaka mingapi?