Wasomaji Wanauliza: Mshipa hujuaje kwamba uko ubongoni?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Tumefundishwa kwamba dawa nyingi hazivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni kwa sababu kuta za mishipa ya huko zimefungana mno. Lakini tumefundishwa pia kwamba seli zote za mwili zina DNA ile ile. Sasa seli ya mshipa hujuaje kwamba iko ubongoni wala si kwenye ini? Na je, malaria kali hubadilisha chochote katika seli hizo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Seli hiyo huambiwa na jirani zake. Mwaka 1981 watafiti Stewart na Wiley walichapisha jaribio ambalo walichukua kipande cha ubongo wa kiinitete cha kware, kikiwa bado hakina mishipa, wakakipandikiza tumboni mwa kiinitete cha kuku. Mishipa ya tumbo la kuku ilipoota ndani ya kipande hicho, ilipata sifa za mishipa ya ubongo. Walipofanya kinyume chake, yaani kupandikiza tishu ya tumbo ubongoni, mishipa iliyoingia humo haikuwa na kizuizi, yaani zile kuta zilizofungana.

Ujumbe wenyewe hubebwa na protini ziitwazo Wnt7a na Wnt7b, ambazo hutolewa na seli za ubongo unaokua. Zikishika vipokezi vilivyo juu ya seli ya mshipa, protini ya ndani iitwayo beta-katenini, ambayo kwa kawaida huvunjwavunjwa karibu mara tu inapotengenezwa, huachwa ikalimbikizana hadi ikaingia kwenye kiini cha seli. Huko haiwezi kushika DNA peke yake, bali huungana na protini za jamii ya TCF/LEF zinazotambua mfuatano mfupi maalumu wa DNA. Hizi ndizo protini za unakili: hukaa karibu na jeni, pengine hata mbali nayo, zikaita vimeng'enya vya kuinakili kuwa RNA, au zikavizuia. Jeni isiyonakiliwa ipo, lakini ni kama kitabu kilichofungiwa kabatini.

Kutokana na ishara hiyo, jeni ya klaudini-5, inayoziba nafasi kati ya seli na seli, hunakiliwa kwa wingi. Jeni ya GLUT1, mlango wa glukosi, nayo huwashwa, na ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ilhali hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Jeni ya PLVAP, ambayo protini yake hupatikana kwenye vitundu vya mishipa inayopitisha vitu kwa urahisi, hunyamazishwa.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kazi hii ni ya protini moja. Protini ya unakili ERG imo katika seli za mishipa ya mwili mzima. Kinachoipa seli ya ubongo sura yake ni mchanganyiko wa nyingine kama Sox17, Foxf2 na Zic3. Panya walioondolewa Foxf2 hupata kizuizi kinachovuja. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba ujumbe huu haukomi utotoni: beta-katenini ikiondolewa katika mishipa ya panya aliyekwisha kukomaa, kizuizi hulegea, na seli za mishipa ya ubongo zikikuzwa peke yake katika sahani ya maabara hupoteza sifa zake nyingi. Tena ipo sehemu ya ubongo, eria postrema, ambako ishara ya Wnt ni hafifu na mishipa huvuja kwa kawaida. Ndiko sumu iliyo kwenye damu hugunduliwa na mgonjwa akatapika.

Kuhusu malaria, jibu ni ndiyo. Mwili unapopambana na Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, hutoa kemikali ya uvimbe iitwayo TNF, nayo huamsha protini nyingine ya unakili, NF-kB, ambayo hungoja nje ya kiini ikiwa imefungwa na protini inayoizuia. Ikifunguliwa huingia kiinini na kuongeza unakili wa jeni ya ICAM-1, na protini hiyo hujitokeza juu ya ukuta wa mshipa. ICAM-1 ni mojawapo ya vitu ambavyo chembe nyekundu zenye vimelea hunata navyo katika mishipa midogo ya ubongo, zikazuia damu kupita.