Barthel 100 haimaanishi maisha yamerudi: jibu kwa anayefanya utafiti wa wagonjwa wa kiharusi

Mkuu, umeeleza kwamba utafiti wako wa uzamili ni wa wagonjwa wa kiharusi wanaopata tiba ya viungo, kipimo ulichochagua ni Barthel Index (alama 0 hadi 100 za jinsi mgonjwa anavyojihudumia mwenyewe), na msimamizi wako anakutaka uongeze kipimo cha ubora wa maisha. Umeuliza kuna haja gani, kwa kuwa mgonjwa akipanda alama za Barthel ndiyo maisha yake yameboreka. Wachangiaji wawili juu wamekushauri uchomeke SF-36 tu, lile dodoso la maswali 36 kuhusu afya na ubora wa maisha, ili msimamizi aridhike, yaishe.

Mimi naona msimamizi wako yuko sahihi, ila sababu ya kuongeza dodoso isiwe kumridhisha yeye. Nimefanya tiba ya viungo kwa miaka mingi, na muda mwingi wa miaka hiyo nimekuwa nikikusanya takwimu za watafiti, wodini na majumbani kwa wagonjwa. Hili jambo nimeliona kwa karibu na linanigusa.

Barthel ilichapishwa mwaka 1965 na Mahoney na Barthel. Ina vipengele 10: kula, kuoga, kujiweka nadhifu, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutembea na kupanda ngazi. Ukijumlisha vyote unapata alama 100. Ni kipimo kizuri, cha haraka, na kinamwambia mwuguzi kile hasa anachotaka kujua, yaani mgonjwa huyu anahitaji msaada wa mtu kiasi gani. Hao waliokitunga walitahadharisha wenyewe kwamba mwenye alama 100 huenda bado asiweze kuishi peke yake, kwa sababu kupika, kutunza nyumba na kukutana na watu havimo. Sehemu hiyo wengi hawaisomi.

Kuna mzee mmoja, fundi cherehani, kiharusi kilimkamata upande wa kulia. Alipofikia miezi mitatu, Barthel yake ilikuwa 100. Anavaa mwenyewe, anapanda ngazi, choo hana shida. Nikamwekea mbele ule mstari wa EQ-5D, dodoso fupi la afya, uliosimama wima kutoka 0 chini hadi 100 juu, nikamwomba aonyeshe afya yake ya leo iko wapi. Kidole cha mkono wa kushoto kikapanda polepole, kikasimama kwenye 35. Mkewe akashtuka: "Baba, si sasa unaoga mwenyewe?" Akamjibu, "Naoga, kisha nakaa. Sindano haishikiki."

Ungekuwa na Barthel peke yake, mzee huyu angeingia kwenye jedwali lako kama aliyepona kabisa. Hakuna aliyedanganya wala kipimo kilichoharibika. Barthel ilijibu swali lake, na swali la mzee halikuwa limeulizwa na mtu.

Hapo ndipo ICF, mfumo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuainisha utendaji wa mtu na ulemavu, uliopitishwa mwaka 2001, unapokusaidia kupanga mawazo. Unatenganisha kazi za mwili (nguvu ya msuli, hisia, maumivu), shughuli anazoweza mtu (kutembea, kuvaa), na ushiriki wake katika maisha (kazi, familia, jamii), na unazingatia pia mazingira yanayomzunguka. Barthel inakaa zaidi kwenye shughuli. Ukitaka kugusa ushiriki, WHODAS 2.0 ipo, dodoso la WHO la ulemavu, ya maswali 12 au 36. Ubora wa maisha nao ni kitu kingine tena: namna mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake. Huwezi kuupata kwa kumwangalia anavyotembea. Lazima umuulize.

Halafu kuna upande wa pili unaowachanganya watafiti wengi. Nimehoji watu walioumia uti wa mgongo, wako kwenye kiti cha magurudumu, Barthel iko chini, na wanajipa 80 bila kusita. Mwaka 1999 watafiti Albrecht na Devlieger waliandika kuhusu jambo hili: zaidi ya nusu ya watu waliowahoji wenye ulemavu wa wastani hadi mkubwa walisema ubora wa maisha yao ni mzuri au mzuri sana, ilhali mtazamaji wa nje angedhani wanaishi kwa taabu. Mwaka huohuo Sprangers na Schwartz walieleza kwamba mtu aliyepata maradhi makubwa hubadili kigezo anachojipimia. Yaliyokuwa ya maana kwake yanapisha mengine, na 60 aliyoitoa mwezi wa kwanza si 60 ileile ya mwezi wa sita. Kwa hiyo Barthel na ubora wa maisha vikienda njia tofauti kwenye takwimu zako, usikimbilie kusema data imeharibika. Andika sura nzima juu ya tofauti hiyo. Kwa maoni yangu inaweza kuwa sehemu yenye thamani kuliko zote katika utafiti wako.

Sasa kuhusu kuchomeka SF-36. Kabla hujachagua dodoso lolote, soma linauliza kuhusu kipindi gani. EQ-5D inauliza leo. WHOQOL-BREF, dodoso la WHO la ubora wa maisha lenye maswali 26, inauliza wiki mbili zilizopita. WHODAS siku 30. SF-36 ya kawaida inauliza wiki nne. Mgonjwa aliyeruhusiwa wiki iliyopita ukimpa dodoso la wiki nne, robo tatu ya jibu lake inaweza kuwa maisha ya wodini. Anakuuliza, "Nijibu ya hospitali au ya nyumbani?" na wewe huna la kumwambia, kwa sababu dodoso halikutungwa kwa ajili ya hali hiyo. Panga siku za kupima kwanza, kisha uchague dodoso linaloendana nazo.

Angalia pia dari ya kipimo. Wagonjwa wako wakianza na Barthel 90, karibu hawana pa kupanda. Tiba inaweza kuwafaa sana na jedwali likaonyesha hakuna kilichotokea. Kwa wagonjwa ambao hali yao si mbaya sana, kipimo cha mwendo wa mita 10 au cha kutembea dakika 6 hutambua mabadiliko ambayo Barthel haiyaoni.

Nani anajibu? Hili ndilo linaloniuma zaidi. Unaingia nyumbani, unamuuliza mgonjwa, anayejibu ni binti yake. Anajibu kwa upendo, lakini anajibu anavyoona yeye. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanaouguza huelekea kuipa hali ya mgonjwa alama za chini kuliko anazojipa mgonjwa mwenyewe, hasa kwenye mambo ya moyoni yasiyoonekana kwa macho. Huwa naomba kwa heshima niongee na mgonjwa kwanza, na ndugu nitamsikiliza baadaye. Ikibidi ndugu ajibu, andika pembeni kwamba aliyejibu ni ndugu, na usichanganye majibu hayo na ya wagonjwa kwenye wastani mmoja. Tena ukianza na ndugu, mwezi wa tatu usihamie kwa mgonjwa, maana hutajua kilichobadilika ni hali au ni mjibuji.

Na wenye afasia, waliopotewa na maneno baada ya kiharusi, tafadhali usiwatoe kwenye utafiti kwa urahisi. Watafiti wengi huandika "asiyeweza kujibu dodoso hatahusishwa", na kwa mstari huo mmoja wanawaondoa watu ambao maisha yao yamevurugwa kuliko wote. Matokeo yanatoka mazuri kuliko hali halisi. Kipo kipimo kilichotengenezwa kwa ajili yao, SAQOL-39, kilichochapishwa mwaka 2003. Maandishi makubwa, sentensi fupi na muda wa kutosha pia husaidia. Nimemwona mama asiyetamka neno akijibu ukurasa mzima kwa kuonyesha kwa kidole, na alipomaliza akalishika karatasi kifuani hakutaka kunirudishia.

Kuhusu p ndogo kuliko 0.05, ile namba ya hesabu za takwimu: inakuambia kwamba kama kusingekuwa na tofauti ya kweli, tofauti kama uliyoiona isingetokea kirahisi kwa bahati tu. Haikuambii kama mgonjwa ameihisi. Tangu mwaka 1989 watafiti Jaeschke, Singer na Guyatt walipolizungumzia, watafiti hutafuta pia badiliko dogo kabisa ambalo mgonjwa mwenyewe analiona lina maana. Kwenye kasi ya kutembea, kwa mfano, kuongezeka kwa mita 0.1 kwa sekunde mara nyingi huhesabiwa badiliko lenye maana. Tafuta kiwango kama hicho kwa kila kipimo chako, kwa wagonjwa wanaofanana na wako, ukiandike kwenye pendekezo la utafiti kabla hujakusanya chochote. Hapohapo taja kipimo kikuu kimoja. Ukiweka vipimo vitano vyote sawa, kimojawapo kinaweza kutoa jibu zuri kwa bahati tu, na mtahini ataliona hilo.

Kama una nafasi, ongeza kipimo kinachoanzia kwenye lengo la mgonjwa. COPM, mahojiano yanayotumiwa na wataalamu wa tiba kazi, inamwacha ataje shughuli anazozitaka, kisha azipe alama 1 hadi 10 kwa jinsi anavyozifanya na anavyoridhika nazo. Yule fundi angetaja sindano dakika ya kwanza.

Hujasema tiba unayoipima inalenga mkono, mwendo au vyote, wala wagonjwa wako wana muda gani tangu kiharusi. Weka hayo mawili hapa, mimi na wengine tukusaidie kuchagua.